Glasi ya Sita

Kengele ya kanisa ilipopigwa adhuhuri ya Jumatatu, magambusi yote yaliyotundikwa ukutani mwa karakana ya Mzee Galust yaliitikia. Hilo halimshangazi mtu hapa Julfa, mtaa wa Waarmenia ng'ambo ya mto wa Isfahani. Kitu chenye nyuzi na ngozi hakikosi kuitikia kengele. Magambusi kumi na moja yalivuma kidogo yakanyamaza. La kumi na mbili, lile la marehemu Mzee Aghajan, halikunyamaza. Satenik aliweka randa chini akaanza kuhesabu. Alipofika tisa ndipo uzi ulipotulia. Wiki iliyopita alikuwa amefika saba.

"Kama una neno, liseme," aliliambia. "Usininung'unikie."

Hakujibiwa, na afadhali. Mwanamke wa miaka ishirini na minne anayezungumza na gambusi la maiti hahitaji jibu, anahitaji mume. Ndivyo walivyosema wanawake wa kanisani, tena hawakusema kwa kunong'ona.

Gambusi lile lilikuwa pale kwa sababu ya matanga. Myahudi akifiwa na baba yake hagusi ala wala hasikilizi muziki mwaka mzima, na kwa mpigaji wa harusini kama Rahamim mwana wa Aghajan, mwaka huo ni mwaka wa njaa. Lakini gambusi halijui matanga. Ngozi yake ya mwanakondoo ikikaa mwaka mzima bila kuguswa hulala, na ikishalala haiamki. Kwa hiyo siku ya nane baada ya mazishi Rahamim alivuka daraja akaliacha kwa fundi aliyelitengeneza. Mikono ya Mzee Galust ilikuwa imeanza kutetemeka, basi kazi ya kulipiga saa moja kila Ijumaa asubuhi ikamwangukia binti yake, Satenik. Ilikuwa ni kazi tu. Mungu ni shahidi, mwanzoni ilikuwa ni kazi tu.

Mlango uligongwa mara mbili, polepole. Satenik hakuhitaji kuuliza ni nani. Alishasikia moto usoni.

Rahamim aliingia akiinamisha kichwa, maana mlango ule ulijengwa kwa ajili ya watu wafupi na yeye hakuwa mmoja wao. Kola ya koti lake ilikuwa ingali na ule mpasuko wa msiba, umeshikizwa kwa nyuzi za juujuu. Mpasuko wa baba haushonwi ukapona. Vidole vyake vilikuwa vya buluu. Tangu alipoacha kupiga gambusi alikuwa akitia rangi nyuzi za hariri katika duka la binamu yake huko Jubareh, mtaa wa Wayahudi.

"Mzee yupo?"

"Amelala. Kifua kimemsumbua tangu jana. Kaa."

Alikaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa akikalia baba yake. Satenik akashusha glasi kutoka rafuni. Ilikuwa glasi ndogo ya chai, nyembamba kiunoni, ina utepe wa dhahabu mdomoni. Mzee Aghajan aliileta mwenyewe zamani, kwa sababu watu wa dini yake hawatumii vyombo vya jiko lisilo la kwao. Alikula yai la kuchemsha, kwani yai lina ganda lake, na alikunywa chai katika glasi yake, basi. Hakuna Muarmenia aliyewahi kuigusa kwa mdomo. Mwaka huu Rahamim ameirithi bila mtu kumwambia airithi.

"Jumatano mwaka unatimia," alisema.

"Najua. Nimehesabu."

"Nitakuja kulichukua."

"Lichukue. Ni lako."

Rahamim alimtazama, naye akamtazama, kisha kila mmoja akapata kitu cha kushughulikia, huyu sukari, yule nta.

"Satenik."

"Nakusikia."

"Mama alimwandikia mjomba, Tehrani. Jibu limekuja jana. Wamekubali kunioza binti yao Farangis."

Satenik alichukua kipande cha ngozi akakinyoosha gotini, ingawa kilikuwa kimenyooka. "Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nimesikia."

"Umesikia." Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Kumbe hiyo ndiyo kazi yako. Kwa mama yako unasikia. Nyuma ya ukuta wangu kila Ijumaa unasikia. Utasema lini, Rahamim?"

Rangi ilimtoka. "Unajua?"

"Isfahani nzima, nani mwingine anasimama kichochoroni kwetu na viatu vyenye rangi ya hariri? Theluji ya majira ya baridi iliacha alama za buluu mpaka chini ya dirisha. Niliziona, nikazifagia kabla Baba hajaamka."

"Ulizifagia?"

"Ningeziacha majirani wazisome?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wawili hawa walikuwa wamekohoa mwaka mzima kila mtu upande wake wa ukuta. Rahamim aliweka glasi chini kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa itasema.

"Haikuwa halali yangu kusikiliza," alisema. "Ni mwaka wa baba yangu. Kila Ijumaa niliapa kuwa nitapita tu, nikanunue chumvi, nirudi. Halafu unaanza, miguu inakataa. Na sasa Mama anamsikia."

"Anamsikia nani?"

"Baba. Kila Ijumaa akishawasha mishumaa ya Sabato. Anasema ule msumari uliokuwa ukishika gambusi unalia. Anasema Baba hajatulia kwa sababu kuna mtu amevunja matanga yake. Anawashuku majirani, anamshuku binamu. Nami nakaa mbele yake nakula wali."

Satenik alitamani kumshika mkono. Alitamani sana hata vidole vikauma. Badala yake aliinuka akasogeza birika.

"Halafu kuna ule wimbo," Rahamim aliendelea. "Ule unaoupiga mwisho. Unakomea njiani."

"Ndivyo ulivyo."

"Sivyo. Nimelelewa nao. Baba naye alikomea pale pale. Nyumbani tulidhani amesahau. Lakini wewe hujasahau, Satenik. Unafika pale, unanyamaza, na mimi kule nje nasikia kabisa kwamba kuna kitu unakijua. Kwa nini humalizi?"

"Usiniulize hilo."

"Nikuulize nini basi? Niambie nisije Jumatano, sitakuja. Niambie nikatae Tehrani, nitakataa."

"Nikuambie mimi?" Sasa alikasirika kweli. "Mwaka mzima nimekupigia gambusi la baba yako mpaka ncha za vidole zimekufa ganzi, na bado ni mimi wa kukuambia? Akufukuzaye hakwambii toka, na wewe huhitaji hata kufukuzwa. Unatangulia mwenyewe."

Rahamim alisimama. Akainama mlangoni akatoka. Chai ilikuwa imebaki nusu. Mlango ulipojifunga, gambusi la Mzee Aghajan lililia peke yake kule ukutani, na safari hii Satenik hakuhesabu. Alikaa akaitazama ile chai mpaka ikapoa.

*

Ukweli ni kwamba Satenik aliujua mwisho wa wimbo ule kama anavyojua jina lake. Aliusikia kwa shangazi yake Nvard, aliyemlea baada ya mama yake kufa. Shangazi aliuimba akimenya mabeho, yale matunda magumu ya manjano, ya kupika jamu, akiuimba kwa sauti ya chini, na daima alianzia katikati. Satenik akiwa mtoto alidhani nyimbo nyingine huzaliwa bila kichwa.

Shangazi hakuolewa. Waliomjia alikuwa akiwapa chai, anawasikiliza kwa adabu, anawasindikiza hadi mlangoni. Alikufa mwaka juzi, wakati wa baridi. Siku ya arubaini Mzee Aghajan alivuka daraja akiwa na gambusi. Aliomba ruhusa, akakaa kwenye kigoda, akapiga wimbo ambao Satenik hakuwahi kuusikia. Alipofika katikati akaacha. Akakaa vile vile, kichwa kimeinama, kama mtu aliyebisha hodi akawa anangoja. Satenik alikuwa pembeni anakusanya sahani. Hakufikiri. Mdomo ulijifungua wenyewe, akaimba ile nusu ya shangazi yake, na nusu hiyo ikaingia katika ile ya mzee kama kigingi katika tundu lake.

Mzee Aghajan alilia bila kujificha. Baadaye, wiki baada ya wiki, alimfundisha Satenik ile nusu ya kwanza, mpaka alipougua asiweze kuvuka daraja. Miezi mitano baada ya arubaini ile akafa.

Satenik alifanya hesabu yake mwenyewe, hesabu wanayoifanya waliofiwa. Wimbo ulikaa nusu miaka thelathini, wenye nusu zao wakaishi. Uliungana mara moja, aliyebaki akaondoka. Tangu hapo aliapa hataumaliza tena. Na kila Ijumaa alipokomea katikati alihisi karakana imejaa watu wawili wanaongoja, mmoja kwenye kigoda, mwingine karibu na dirisha palipokuwa kapu la mabeho. Hawakumtisha. Walingoja tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jioni ile ya Jumatatu Mzee Galust alitoka chumbani, blanketi mabegani.

"Nimesikia kila kitu," alisema. "Nimezeeka, sijawa kiziwi."

"Samahani kwa kukuamsha, Baba."

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipomfungia Aghajan mlango ule usoni. Baba yetu ameshakufa, mimi ndiye mwanamume wa nyumba, najiona nina akili. Nikamwambia Nvard, ukivuka daraja usirudi. Hakuvuka." Alikohoa kwanza. "Aghajan alipooa kwao nilimtengenezea gambusi bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mforosadi wa miaka mia. Nilidhani yamekwisha."

"Na mimi, Baba? Utamfungia mwanawe mlango?"

Mzee alitazama mikono yake inayotetemeka. "Fundi saa ameuliza tena habari zako."

"Baba."

"Nimesema tu ameuliza." Akageuka kurudi kitandani. Kwenye pazia la mlango wa chumba akasimama. "Ule wimbo usiumalize. Mimi sitaki kumzika mtu mwingine."

*

Jumatano Satenik alivaa gauni la kijani, akajiambia ni kwa sababu lile jingine lina nta. Saa tano na nusu mlango uligongwa. Ulipigwa mara nyingi, kwa kiganja.

Aliyesimama nje alikuwa mwanamke mfupi, amejitanda shuka jeusi, pua imechongoka, macho ni yale yale ya Rahamim ila hayana huruma ya Rahamim. Kwapani alibeba bafta nyeupe iliyokunjwa. Miaka thelathini Bibi Tavus hakuwahi kuvuka daraja kuja Julfa. Satenik hakuwahi kumwona, akamjua.

"Wewe ndiye binti?"

"Ni mimi. Karibu, Mama."

"Mimi si mama yako." Aliingia bila kuinama, mlango ulimfaa. Akasimama katikati ya karakana akageuka taratibu, akitazama kigoda, dirisha, makopo ya gundi. "Kumbe ni hapa," alisema. "Nilidhani ni pakubwa."

"Rahamim alisema angekuja yeye."

"Rahamim yuko nyuma ya ukuta wako. Nimempita sasa hivi kichochoroni, amegeukia ukutani kama mtu anayejisaidia. Anadhani sikumwona. Tangu utoto yule hajui kujificha." Alitandaza ile bafta juu ya meza ya kazi. Ilikuwa imekatwa kama sanda. "Sisi vitabu vyetu vitakatifu vikichakaa hatuvichomi, tunavizika makaburini kama watu. Leo mwaka umetimia. Lile gambusi nitalizika miguuni pake. Labda atalala, na mimi nilale."

Kesho hakutakuwa na gambusi, hakutakuwa na Ijumaa, hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kuvuka daraja. Satenik alitaka kusimama mbele ya ukuta ule na kunyoosha mikono. Lakini mjane hakatazwi kitu cha mumewe, wala mgeni haachwi kavu.

"Kaa kwanza," alisema. "Unywe chai."

"Sinywi katika vyombo vyenu."

"Si chombo chetu. Ni chake." Akaishusha ile glasi, akaisuuza kwa maji moto, akamwekea mbele.

Bibi Tavus aliitazama. Hakuigusa. Kisha akaigusa kwa kidole kimoja, akakipitisha kwenye utepe wa dhahabu mpaka mahali palipobanduka kidogo. Akakaa kwenye kigoda kwa ghafla, kama mtu aliyesukumwa.

"Zilikuwa sita," alisema. "Mama yangu alinipa siku ya harusi, zimefungwa kwenye pamba. Mwezi wa tatu moja ikapotea. Nikamsingizia wifi yangu. Nilimwita mwizi mbele ya watu, tukakaa miaka minne hatusemezani. Mpaka leo wageni wakija sita, mmoja namtilia katika kikombe, nasema samahani." Aliigeuza mkononi. "Alikuwa ananitazama nikiitafuta, Aghajan. Aliinama na mimi tukaitafuta chini ya makabati."

Satenik alimimina chai. Bibi Tavus aliinywa yote bila sukari.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Nvard. Shangazi yangu."

"Alikuwa mzuri?"

Satenik alifikiri kudanganya. "Alikuwa na mikono mizuri," alisema. "Na alikuwa mpole. Hakumwona hata siku moja bila Baba kuwepo. Alikaa pale dirishani, mumeo anakaa hapo ulipokaa wewe. Hata mikono hawakupeana."

"Wangepeana," alisema Bibi Tavus. "Ningejua la kufanya." Aliirudisha glasi mezani. "Kuna wimbo. Nyumbani alikuwa akiupiga nusu. Nikiingia anauacha. Nikitoka anaanza tena, nusu ile ile. Nimesimama nyuma ya mlango wa chumba changu mwenyewe miaka thelathini nikingoja uishe. Kabla sijalizika, nataka kuusikia. Wote."

"Siwezi."

"Huujui?"

"Naujua. Nikiumaliza mtu huondoka." Na hapo yakamtoka yote, arubaini ya shangazi, mzee kulia, ile miezi mitano, hesabu yake. "Mimi ndiye niliyemwua mumeo, Mama. Nisamehe. Mwaka mzima nataka kuja kukwambia, sikujua nitapita mlango gani."

Bibi Tavus alimkazia macho muda mrefu. Kisha akatoa sauti kavu iliyokaribia kicheko.

"Mume wangu aliuawa na figo, mtoto wewe. Daktari alimpa miaka miwili, akaishi mitatu kwa ubishi. Usijipe ukubwa usio wako. Lishushe."

Satenik alilishusha gambusi, akalilaza kifuani, kwa kuwa gambusi la matumbo mawili halipakatwi, hushikwa juu juu karibu na moyo. Alilainisha nta ya kigongo cha shaba cha kupigia nyuzi kwa kidole gumba. Akaanza.

Ile nusu ya kwanza ilitoka ilivyotoka kila Ijumaa, inapanda ngazi moja na kurudi nusu. Bibi Tavus alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikiufuata. Aliujua kila mdundo, alikuwa amejifunza nyuma ya mlango. Walipofika mahali pale midomo yake ikasita yenyewe kwa mazoea. Satenik naye akasita. Wale wawili walikuwepo. Alihisi uzito wa mmoja kando ya dirisha, na ubaridi nyuma ya shingo, na hofu ile kongwe ikamwambia acha, acha kungali mapema.

Akaimba.

Sauti haikuwa nzuri mwanzoni. Ilikuwa na kutu ya mwaka mzima. Halafu ikapata njia yake, nyuzi zikaifuata chini chini, na nusu ya Nvard ikaenda mpaka mwisho, mpaka neno la mwisho, na neno la mwisho likakaa hewani kidogo likaisha.

Bibi Tavus alikuwa angali amefumba macho. "Maneno yanasema nini? Sijui Kiarmenia."

"Mwanamke anazungumza na mtu aliye ng'ambo ya mto. Anamwambia, leo usivuke, maji yamejaa, vuka kesho. Kesho anamwambia hivyo hivyo."

"Na mwisho?"

"Mwisho anamwambia, umelowa. Nenda nyumbani."

Machozi yalimtoka mjane yule yakafuata mikunjo ya uso wake mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Na kabla yeyote hajasema neno, mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Rahamim aliingia, akasahau kuinama, akajigonga paji la uso.

"Mama, siendi Tehrani." Alikuwa ameshika kichwa, anahema. "Sitamwoa Farangis. Nampenda huyu. Ni mimi niliyevunja matanga ya Baba, kila Ijumaa, kwa makusudi. Nilaani ukitaka. Lakini siendi."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani mwake. Satenik aliziba mdomo kwa mkono asije akacheka au akalia. Hakujua kipi kiko karibu.

Hapo kengele ya kanisa ikapiga adhuhuri. Magambusi kumi na moja ukutani yakavuma yakanyamaza. La kumi na mbili, lililokuwa kifuani mwa Satenik, likavuma pamoja na wenzake, na pamoja na wenzake likanyamaza. Alingoja. Alihesabu moja, hakupata cha kuhesabu mbili. Dirishani hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu kabisa, na upweke wa jambo hilo ulimchoma kuliko alivyotarajia.

Bibi Tavus alisimama. Alikunja ile bafta mara mbili, mara nne, akairudisha kwapani.

"Damu inakutoka," alimwambia mwanawe. "Jifute." Kisha akamgeukia Satenik. "Nitamwandikia kaka yangu. Farangis ni mtoto mwema, ana meno mazuri, anapika vizuri. Hakunikosea kitu. Mimi nimeishi miaka thelathini na mume nusu, najua ladha yake. Siwezi kumpelekea mtoto wa watu mume nusu."

"Mama..." Rahamim alianza.

"Nyamaza, sijakubariki. Huyu baba yake yuko nyuma ya pazia lile anajifanya anakohoa, na kuna padri wake na rabi wetu, na watu wa Jubareh wana ndimi. Hayo ni yenu, mtayabeba wenyewe. Mimi nimekataa jambo moja tu."

Nyuma ya pazia Mzee Galust akakohoa kweli. Hakutoka, wala hakusema hapana.

Bibi Tavus alijitanda vizuri akaelekea mlangoni. Satenik aliinyakua ile glasi kutoka mezani, ingali na uvuguvugu, akamkimbilia nayo kwa mikono miwili.

"Glasi yako, Mama. Ichukue. Zitimie sita."

Safari hii hakumwambia kuwa yeye si mama yake. Aliitazama glasi, akamtazama mwanawe aliyesimama ameshika paji la uso kwa vidole vya buluu.

"Irudishe rafuni," alisema. "Huyo naye atanywea nini? Mimi nimeshazoea tano."